Mistari ya Zambarau

Maiti ilikuwa imelala chali kwenye kitanda chembamba cha chumba cha maandalizi ya upasuaji, shuka imefunika miguu tu. Kifuani ilipita mistari ya wino wa zambarau, mmoja katikati na mingine ikizunguka chini ya matiti, imenyooka utadhani imepigwa rula. Uso ulikuwa umetulia. Ungesema mama wa watu amejipumzisha, anangoja kuitwa.

"Masikini," Sajini alinong'ona, akavua kofia.

Inspekta akasogea karibu na kitanda. Kituoni walimwita Mama Kwanini, maana swali hilo halikumbanduka mdomoni, na wengi waliomcheka kwa ajili yake waliishia kumjibu wakiwa na pingu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, soksi zimemlowa, na mbele yake kuna mwanamke wa rika lake aliyekufa kabla hata kisu hakijamgusa. Roho ilimuuma. Naye akiumwa roho huwa mkali.

"Nani aliyemkuta?"

"Mimi." Aliyejibu alikuwa muuguzi mkuu, mama wa makamo, sare yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kliniki nzima ilimwita Dada Mkubwa, na haikuwa heshima tupu: daktari mwenye kliniki alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. "Nilikuja kumchukua nimpeleke chumba cha upasuaji. Nikamgusa bega, nikaona hapana, huyu ameshaondoka."

"Nani alikuwa naye kabla yako?"

"Mumewe. Daktari alishamchora, ametoka, ndipo mume akaingia. Walifokeana hadi mapokezi wakasikia."

"Alisema nini?"

Dada Mkubwa akashusha macho. "Alisema, 'Bora ufe nikuzike kuliko nikuone unarudi kwenye kisu.'"

Sajini akapiga mluzi mdogo, Inspekta akamkata jicho.

Daktari mpasuaji walimkuta ofisini kwake, amesimama dirishani, mikono ndani ya mifuko ya koti jeupe. Dada Mkubwa alileta chai. Kikombe cha Inspekta kilijaa, cha Sajini kilijaa, cha daktari kilifika nusu tu. Hakukigusa.

"Marehemu alikuja kufanyiwa nini?"

"Kurekebishwa. Mwaka jana nilimwekea mifuko ya silikoni kuongeza matiti. Haikukaa sawa. Titi moja lilipanda juu, jingine likashuka." Akatazama sakafu. "Alikuwa mpokea wageni hotelini. Baada ya pale aliomba ahamishiwe chumba cha nyuma, kupokea simu, ili watu wasimtazame."

"Kwa nini haikukaa sawa?"

"Hutokea."

"Sikuuliza kama hutokea."

Daktari akatazama mvua nje. Inspekta akauliza jingine. "Mistari ile uliichora wewe?"

Jibu lilichelewa kidogo. "Ndiyo. Akiwa amesimama. Siku zote mgonjwa huchorwa amesimama. Akilala, titi linamwagikia kando na mstari unakudanganya. Utashona vizuri mezani, mtu akiinuka unakuta upande mmoja umepanda."

"Ulipotoka alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa." Alifumba macho. "Mzima kabisa, afande."

Mume wa marehemu alikuwa bado kwenye gari lake nje, analia kichwa juu ya usukani. Alikuwa daktari wa mifugo. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba mabomba ya sindano na vichupa vya dawa ya kulaza ng'ombe, kimoja kimeshafunguliwa.

"Hiki kimefunguliwa lini?"

"Jana. Ndama alivunjika mguu. Uliza wenyewe."

"Ulimwambia mkeo bora afe?"

"Nilisema." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilisema hayo maneno, Mungu anisamehe. Lakini nilimwacha anavaa gauni la wagonjwa. Alikuwa hajachorwa chochote."

"Muuguzi anasema ulimkuta ameshachorwa."

"Basi anasema uongo!"

Kliniki nzima walisikia kelele zile, hakuna aliyekumbuka zilikuwa kabla ya nini wala baada ya nini. Mtu mmoja, tishio, sindano, dawa. Inspekta mwenyewe ndiye aliyemfunga pingu. Yule bwana hakupinga. Aliuliza tu, "Binti yetu nani atamfuata shule?" na Inspekta akasema polisi watamfuata, halafu akajisikia vibaya kwa jibu lile njia nzima.

Alasiri waliingia chumba cha maiti. Mzee wa uchunguzi wa maiti alikuwa anamalizia kupima, miwani imemshukia puani.

"Hana jeraha, hajakabwa," alisema. "Kuna tundu moja la sindano, kwenye mshipa wa mkono. Aliyechoma hakubahatisha. Damu imekwenda maabara. Mkiniuliza mimi, ni dawa ya usingizi iliyozidi. Sasa nishikieni mabega, nitazame mgongo."

Sajini akashika huku, mzee kule, wakamwinua marehemu akakaa. Inspekta alikuwa mbele. Alichokiona kilimfanya asahau soksi zake.

Mistari ilipinda. Ule wa katikati ulikwenda upande, na ile ya chini ya matiti ikaachana, mmoja juu, mwingine chini, haifanani hata kidogo.

"Mlazeni."

Wakamlaza. Mistari ikanyooka kama rula.

"Mwinueni tena."

"Afande, huyu mama si..."

"Sajini, inua!"

Ikapinda tena. Inspekta akavuta pumzi. "Daktari alisema mgonjwa huchorwa amesimama. Huyu alichorwa amelala. Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuweza kusimama," mzee akasema polepole. Akavuta taa karibu, akainama. "Njoo uone. Hapa kulikuwa na wino mwingine, umefutwa kwa spiriti."

Chini ya ile mistari safi kulikuwa na alama hafifu za zambarau, zimeparaganyika, kama mwandiko wa mtu aliyeandika ndani ya gari kwenye barabara ya mashimo. Inspekta akakumbuka kikombe kilichojazwa nusu.

Walirudi kliniki. Mvua haikuwa na dalili ya kukatika. Inspekta aliwaita ndugu wote wawili ofisini, akafunga mlango, akaweka mezani karatasi nyeupe na kalamu ya wino wa zambarau.

"Daktari, nichoree mstari mmoja tu."

Daktari akamtazama dada yake.

"Usimtazame yeye. Chora."

Mkono wa kulia ulitoka mfukoni, na ulikuwa unatetemeka. Alishika kalamu, akakishika kiganja kwa mkono wa pili, lakini wapi. Ncha iligonga karatasi, ikaruka, ikagonga tena. Jasho likamtoka. Sajini akageuza uso.

"Mwacheni!" Dada Mkubwa alimpokonya kalamu. "Mwacheni ndugu yangu! Nilichora mimi. Nilimchoma sindano mimi. Yeye hajui kitu."

"Kwa nini?"

"Unauliza kwa nini?" Alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Mama yetu alikufa huyu hata meno hajaota. Nimembeba mgongoni. Nimekesha wodini ujana wangu wote asome. Sikuolewa, sikuzaa. Mwaka jana mkono ukaanza kumsaliti. Nikawa namjazia kikombe nusu kisimwagike, nikaficha. Leo naingia kule, namkuta yule mama mbele ya kioo, anaitazama mistari. Akaniambia, 'Dada, mkono wa daktari unatetemeka.' Nikajua yamekwisha. Atasema, watu watamcheka, watamfungia. Nikamwambia ajilaze nimpe dawa ya kumtuliza. Akaniambia asante."

Aliitazama kalamu aliyoishika.

"Ile mistari ya kutetemeka ingesema kila kitu," akaendelea. "Nikaifuta, nikachora mizuri. Nilijua huchorwa amesimama. Nimeona kazi hiyo maisha yangu yote. Lakini ningemsimamishaje?"

"Na mumewe?"

"Alishajipigia kelele mwenyewe. Nilisogeza tu saa."

Daktari alikuwa ameketi, mkono ukiruka juu ya paja. "Dada," alisema. "Nilikuwa nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kila kitu. Kalamu ilinishinda mbele yake, nikaketi sakafuni nikamweleza. Kwamba hata kosa la mwaka jana ni mkono huu. Kwamba namwitia daktari mwingine amrekebishe vizuri, na mimi nafunga kazi leo. Alilia sana. Halafu akanishika mkono, akaniambia, 'Pole, daktari.' Nilitoka kwenda kupiga simu." Machozi yalimdondoka. "Hakuwa anakwenda kunisema, dada. Alikuwa anakuambia kwa sababu ananionea huruma."

Kalamu ikamdondoka Dada Mkubwa. Akakaa chini na ile sare yake iliyonyooka, akajikunyata.

"Ulipoiona mistari ile, ulijua si yako," Inspekta akamwambia daktari. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Ukanyamaza. Mume wa mtu nimemtia pingu wewe unatazama dirishani!"

"Nilijua ni ya nani," daktari akasema. "Yeye ndiye mama yangu."

Sajini alimfunga pingu muuguzi. Daktari naye aliondoka nao, kwa kuwadanganya polisi na kuficha ushahidi.

Kituoni, Inspekta alikwenda mwenyewe mahabusu na ufunguo. Mume wa marehemu alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, viatu havina kamba. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nisamehe," Inspekta akasema. "Niliyaamini yale maneno yako."

"Hata mke wangu aliyaamini." Akamgeukia. "Huyo daktari mwingine angeweza kweli kumrekebisha?"

"Angeweza."

"Mimi sikutaka arekebishwe, afande. Kwangu alikuwa sawa tu, vilevile alivyokuwa. Nilikuwa naogopa kisu kitaniulia mke." Aliangalia mikono yake, mahali pingu zilipomkwaruza asubuhi. "Hivyo ndivyo nilivyotaka kumwambia pale ndani. Nikafoka."

Mama Kwanini hakuwa na swali. Akaketi kando yake kwenye benchi, akamrudishia kamba za viatu.