Bega Lililofungwa kwa Mukwa

Wangechi alikuwa na shamba dogo la chai karibu na Othaya. Aliipanda chai hiyo mwenyewe, miaka michache baada ya uhuru. Siku za kuchuma alibeba kikapu mgongoni. Alichuma majani mawili na chipukizi, akayarusha nyuma juu ya bega bila kutazama.

Msimu mmoja wa mvua aliteleza njiani, akaangukia bega la kulia. Maumivu yalimtoa machozi. Mama mkwe wake, Kagure, alichukua mukwa, ule mkanda wa ngozi wa kubebea kuni. Akamfunga mkono kifuani.

"Usisongeshe hata kidogo," alisema. "Ikitulia itapona."

Wangechi alitii, tena alitii mno. Majuma mengi yalipita. Mukwa ulipofunguliwa, maumivu yalikuwa yamepungua, lakini mkono ulikataa kupanda. Hakuweza kufunga kitambaa kichwani, sembuse kurusha majani kikapuni.

Chai ilizidi kurefuka. Mume wake, Theuri, alijaribu kuchuma. Alichuma kila jani alilokutana nalo, hata yaliyokomaa ambayo hayapokelewi, na karani wa kituo cha chai akayamwaga yote chini mbele ya majirani. Theuri alirudi nyumbani amefura kwa hasira.

"Mimi nimechoka," alisema. "Mvua ya masika ikianza, nang'oa hii chai yote napanda viazi."

Wangechi alienda nyuma ya jiko akalia. Ile chai ilikuwa jasho lake.

Kesho yake alienda hospitali, mjini Nyeri. Picha ilionyesha kwamba mfupa haukuvunjika. Akapelekwa kwa Benter, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Benter alitoka Kisumu, na sauti yake ilisikika hadi nje.

"Mama, nani alikufunga mkono?"

"Ni mama ya bwana yangu. Na mukwa."

Benter alicheka. "Alitaka kukusaidia. Siku za kwanza kupumzisha mkono ni sawa. Lakini wewe ulipumzisha mpaka bega ikakauka."

Alichukua chungwa lake la mchana, akaliweka juu ya kisahani.

"Chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono. Kisahani ni sehemu ya mfupa bapa wa mgongoni. Unaona haina kina? Ndiyo maana mkono inaenda mbele, nyuma, juu, na kuzunguka. Mguu haiwezi hivyo. Nyonga imeingia ndani sana."

"Na mbona chungwa haianguki?"

"Iko na mfuko unaoizunguka, na misuli inaishikilia. Mfuko ukikaa bila kusonga, unabana. Sasa weka mkono hapa mgongoni kwangu."

Benter aliinua mkono wake juu. Wangechi akahisi mfupa bapa ukiteleza chini ya kiganja chake.

"Ati huo pia unatembea!" alisema.

"Lazima utembee. Bila huo, mkono haifiki juu."

Benter alimfundisha kuinama, kushika meza kwa mkono mzima, na kuacha ule mwingine uning'inie na kubembea. Akamfundisha pia kupandisha vidole ukutani polepole.

"Itauma kidogo. Ikiuma sana, punguza. Na usiharakishe, hii ni kazi ya miezi."

Nyumbani, Wangechi alitia alama ya makaa ukutani kila mahali vidole vilipofika. Mwanzoni Kagure alinung'unika. Baadaye akawa msimamizi mkali kuliko Benter.

"Jana ulipita hapa!" alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Panda!"

Alama zilipanda kidogo kidogo. Kuna wiki ambazo hazikupanda kabisa.

Masika ikaanza. Asubuhi moja Theuri alichukua jembe, akateremka shambani. Alimkuta Wangechi katikati ya chai, kikapu mgongoni. Wangechi alichuma, akarusha. Majani yalianguka nyuma yake matopeni. Akachuma tena, akainua mkono taratibu, akarusha. Yakaingia.

Akageuka, akamwona mume wake.

"Baba Mutahi, unatafuta nini na jembe?"

Theuri alitazama kikapu, kisha akatazama jembe.

"Magugu," alisema, akainama kulima.