Dirisha Lililokuwa la Seva

Kila Jumamosi, nikishafagia nyumba na kuosha vyombo, nilikimbilia chumba cha kompyuta cha shule yetu. Huko ndiko alikofanya kazi mtunza mitambo, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Mifuko ya koti lake haikukosa nyaya, basi sote tulimwita Mama Waya, naye aliitika bila kinyongo. Alitufundisha, mimi na rafiki yangu Redio, kuitumia kompyuta bila kipanya. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, unabonyeza kitufe, kompyuta inatii. Redio tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kufanikiwa kumzima.

Mama Waya alikuwa na desturi yake. Kabla ya kufuta chochote aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akaisoma amri yake kwa sauti. Kisha aliandika hostname, amri ya kuiuliza kompyuta jina lake, halafu ls, ya kuorodhesha vilivyomo. Ndipo alipofuta. Tulimcheka chinichini. Mtu ana miaka ishirini kazini, bado anaiuliza kompyuta inaitwa nani!

Jumamosi moja alinipa zoezi la kufuta folda iitwayo "kazi" kwenye kompyuta ya mazoezi, kisha niijenge upya. Kabla sijaanza, aliitwa ofisini kwa sababu printa ilikuwa haipati mtandao. Aliondoka haraka na mfuko wake wa vifaa.

Kwenye skrini kulikuwa na madirisha mawili meusi. Moja lilikuwa la mazoezi. La pili lilikuwa la Mama Waya mwenyewe, nalo lilikuwa limeunganishwa na seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi mambo yote ya shule. Yalifanana kabisa. Nilijua hivyo, sitadanganya, lakini Redio alikuwa amesimama nyuma yangu nami nilitaka aone vidole vyangu vinavyoruka.

"Si uliulize jina kwanza?" Redio alisema.

"Hayo ni ya wanaoanza," nilimjibu. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Kwenye dirisha lililokuwa mbele yangu niliandika rm -r kazi, amri ya kufuta folda na vyote vilivyomo, nikabonyeza.

Dirisha halikusema kitu. Amri ile ikifuta haiagi. Nikaandika hostname, kwa mzaha tu, ili kumridhisha Redio. Jibu likaja: seva-kuu.

Kwenye seva, "kazi" ilikuwa folda ya michoro na ripoti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Humo ulikuwamo mchoro wa pampu ya maji wa kaka yangu, aliouhangaikia miezi saba. Wakaguzi wa kazi hizo walikuwa waje Jumatatu. Bila mchoro ule, kaka angerudia mwaka mzima.

Redio alinyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha akaninong'oneza, "Chomoa waya. Tuseme umeme ulikatika."

Niliushika ule waya. Nasema kweli, niliushika. Nilikaa nao mkononi kama dakika tisa, nikitunga uongo na kuupanga vizuri. Kisha kupitia dirisha la chumba nikamwona kaka akikatiza uwanja, daftari kwapani, akipiga mluzi. Asubuhi hiyo alikuwa ameingiza vipimo vya mwisho kwenye mchoro wake. Alikuwa na furaha, nami ndiye niliyekuwa nimemmaliza. Niliuachia waya, nikakimbia.

Mama Waya alikuwa chini ya meza ya ofisini.

"Mama, nimefuta folda ya kazi."

"Si ndilo zoezi lenyewe?"

"Nimeifuta kwenye seva."

Aligonga kichwa kwenye meza akitoka. "Lini?"

"Dakika kumi zimepita."

Aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu. Uso ulimbadilika. "Saa sita kamili diski ya akiba, ile yenye nakala za kila kitu, inajilinganisha na seva," alisema. "Kilichofutwa huku, na kule kinafutwa."

Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye korido. Alipofika kwenye kibodi aliandika amri ya kusimamisha ule ulinganishaji, akaweka mikono mapajani, akaisoma yote, akaiuliza kompyuta jina. Mimi nilitaka kupiga kelele. Akabonyeza. Saa ikagonga sita, na kwenye diski ya akiba hakuna kilichoguswa.

Nakala ya folda aliyoirudisha kutoka kwenye diski hiyo ilikuwa ya jana. Kazi ya asubuhi ile haikuwemo.

"Kosa la kwanza ni langu," Mama Waya alisema akipangusa jasho. "Nimeacha mlango wa seva wazi, nikaondoka. La pili ni lako, umejiona unajua hata hukuangalia unamwamrisha nani. Kila mtu wa kazi hii amewahi kufuta asichopaswa, hata mimi. Lakini zile dakika ulizokaa kimya ndizo zilizotaka kutuangamiza. Ungekaa tatu zaidi, hata mimi nisingekuwa na la kukusaidia. Ukiharibu, sema hapohapo, wakati bado kuna cha kuokoa. Sasa kamwambie kaka yako. Si mimi wa kumwambia."

Nilimkuta kaka kwenye ngazi, nikamweleza yote. Aliketi chini. Hakunifokea, na heri angefoka.

"Vipimo vya asubuhi?" aliuliza.

"Havipo."

"Vilikuwa arobaini na kimoja." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, kijana mkubwa vile.

Mchana ule aliketi kwenye kompyuta, akanipa daftari lake alimoandika vile vipimo, nimsomee aviingize upya. Nilianza mbiombio, nikitaka jambo lile liishe.

"Rudia cha kwanza," alisema bila kunitazama. "Polepole."

Nikarudia.