Jasho la Malimi

Saa tisa na dakika tano alasiri, Juni 1996, Malimi alikutwa amezimia katika chumba cha joto cha kituo cha utafiti, Sumbawanga. Nje baridi ya nyanda za juu za Ufipa iliuma. Mle ndani mtambo uliiga jua la Milepa, kule bondeni, ili ijulikane mwili wa mfugaji unavyolihimili. Alitakiwa kukaa saa moja tu, kwa nyuzi arobaini. Kesho yake wakubwa kutoka Dar walitarajiwa kuja kuwahoji waliopimwa.

Sajenti Redempta wa polisi alipofika, Malimi alikuwa keshapelekwa hospitali, hajitambui. Vidole vyote vilimwelekea fundi Loth, aliyefungua mtambo asubuhi kuutengeneza.

"Afande, niliuacha mzima. Tangu saa saba nilikuwa mtaani Mazwi kwa mchomelea vyuma." Mchomelea vyuma huyo, alipoulizwa, alithibitisha.

Wilibrodi, msimamizi wa vipimo, alileta karatasi ambayo mtambo huchora joto. Mstari ulinyooka kwenye arobaini.

"Nilikaa kwenye kidirisha cha chumba saa nzima, nikimpa maji. Hakusogea mtu mwingine. Mzee alikuja na homa yake."

"Daftari lako la vipimo linasema Malimi ameshapimwa mara tatu," Redempta alisema.

"Naam, afande. Kazoea."

Redempta akamgeukia muuguzi Hellena, aliyeanza kazi pale wiki hiyo. "Ulimpima uzito?"

"Kabla, na baada akiwa juu ya machela. Kapungua kilo mbili na robo. Wenzake wa wiki hii wamepungua nusu kilo." Akakionyesha chumba. "Tena kabla ya kuingia aliniuliza, 'Binti, humu ndani mnapika watu?' Nikacheka."

Redempta hakucheka. Mtu wa mara ya nne haulizi hivyo. Tena nyuzi arobaini hazikamui jasho lote lile. Aliingia chumbani, akapapasa ukuta. Mle kila kitu kilikauka kama mfupa, ila chini ya kipimajoto, kando ya kidirisha, palikuwa na michirizi ya maji na uzi wa kitambaa cheupe.

Alitoka taratibu.

"Kipimajoto kikivishwa kitambaa kibichi, Loth, mtambo unafanyaje?"

"Unadhani kuna baridi, afande. Unazidi kuchochea, huku karatasi ikionyesha arobaini ileile."

"Na kitambaa kikikauka?"

"Lazima kiloweshwe tena."

"Na aliyekaa kidirishani na maji saa nzima ni mmoja." Alimkazia macho Wilibrodi. "Hukuwahi kumpima Malimi. Uliandika majina ya baadhi ya watu wa Milepa, ukabuni vipimo. Kesho wakubwa kutoka Dar wangemhoji, naye angekuumbua."

Wilibrodi alikaa sakafuni. "Nilishaitwa bingwa kwa vipimo hivyo, afande. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia ukweli. Ungefukuzwa kazi, basi. Sasa simama."

Magharibi, hospitali ilituma habari: Malimi amefumbua macho, anaomba uji.