Malimbikizo ya Ghorofa ya Nne

Aliyeiona maiti alikuwa ananing'inia kwenye kamba. Halmashauri ilikuwa imemtuma kuvunja barafu iliyoota kama mikuki pembeni mwa paa, na alipofika usawa wa ghorofa ya nne akachungulia kwenye roshani yenye vioo. Mwanamke mzee alikuwa amelazwa chali sakafuni, mikono imekunjwa kifuani, kipande cha mshumaa kati ya vidole. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa jalidi.

Inspekta Sabin Tudose alipanda ngazi polepole, Sajini Bucur akimtangulia. Jengo halikuwa na lifti. Mlango ulifunguliwa na mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, kavaa koti zito na kofia ya sufu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Miguu yake iliishia juu ya magoti. Mjini kila mtu alimjua: Horea Brândaș, aliyetolewa chini ya kifusi mgodini.

"Nani yuko kwenye roshani, Bwana Brândaș?"

"Hakuna mtu."

"Mama yako yuko kule."

Horea aliitazama mikono yake. "Mama alikwenda kwa dada yake siku ya Mtakatifu Nikolai, mapema Desemba. Mimi kule sifiki. Kiangalie hicho kizingiti."

Kizingiti cha roshani kilikuwa kirefu kama tofali lililosimamishwa. Hakuna gurudumu ambalo lingekivuka.

Bucur alirudi kutoka kwenye maiti akipumua kwa nguvu. "Afande, ana jeraha kwenye kipaji cha uso. Bibi kapigwa, na huyu anatudanganya mchana kweupe."

"Labda," alisema Tudose. "Tumsubiri daktari."

Aliweka kiganja juu ya bomba la joto ukutani. Lilikuwa linachoma. Hata hivyo pumzi zao zilitoka kama moshi, na chumba kilikuwa na baridi kuliko ngazi. Mlango wa roshani ulikuwa wazi kidogo, na dirisha la nje la roshani lilikuwa wazi kabisa. Tudose alisimama pale akifikiria mtu anayewasha joto lote kisha anaufungulia msimu wa baridi uingie.

Daktari Pleșa, mpasuaji wa maiti wa polisi, alichuchumaa kwa muda mrefu.

"Jeraha halikutoa damu," alisema mwishowe. "Alijigonga akiwa ameshakufa. Nafikiri alikuwa anaburutwa, kichwa kikakwaruza kizingiti. Uchunguzi wa maiti utathibitisha, lakini ukiniuliza sasa hivi, nitasema moyo."

"Amekufa lini?"

"Kwenye friji kama hii? Wiki kadhaa. Tazama hapa, taya limefungwa kwa leso."

Ilikuwa leso ya wachimba makaa, yenye weusi usiotoka hata ukiifua.

"Kwa hiyo kuna mtu aliyemburuta kama gunia," alisema Bucur, "halafu akamlaza kama malkia?"

"Huyo ndiye tunayemtafuta," alisema Tudose.

Ghorofa ya tatu, chini tu ya roshani ile, aliishi Mama Veturia, aliyekuwa dobi wa mgodi kabla mgodi haujafungwa. Alimkalisha inspekta jikoni bila kumuuliza kama anataka kukaa.

"Horea ndiye aliyekuambia kuwa mama yake, Saveta, kasafiri?"

"Nani mwingine? Alinipigia kelele dirishani. Nikajiambia, haya, na yeye apumzike. Mwaka mzima serikali haijawapa hata senti."

"Kwa nini?"

"Cheti cha ulemavu kiliisha, bwana Inspekta. Ikabidi akaguliwe upya. Madaktari wa tume walitaka kuona kama miguu imeota." Alicheka bila furaha. "Wakati tume inatafakari, posho yake ikasimama. Na mshahara wa Saveta ukasimama, maana alikuwa ameandikishwa kama mtunzaji wake. Hakuna cheti, hakuna mlemavu. Hakuna mlemavu, hakuna mtunzaji. Mkate nilikuwa nawapa mimi. Horea anashusha kikapu kwa kamba kutoka dirisha la jikoni, natia."

"Na yeye hajawahi kukushushia kitu?"

"Mara moja. Bakuli la koliva, na mshumaa juu yake. Akasema ni kwa roho ya baba yake. Nikasema Mungu amrehemu, nikala."

Tudose alinyanyua kichwa. Koliva, ngano ya maiti, inayochemshwa kwa sukari na kugawiwa siku ya tisa na ya arobaini baada ya kifo, ilipikwa pia na bibi yake. Haimalizi siku mbili bila kuchacha.

"Lini?"

"Wiki moja na kitu baada ya Saveta kuondoka."

"Ilikuwa na ladha gani?"

"Usiniulize! Ngano ngumu, bwana, jino langu hili karibu nilimeze. Nikashangaa. Saveta alikuwa anapikia kanisa zima, koliva yake inayeyuka mdomoni." Mkono wake ulipanda taratibu hadi kwenye mdomo. "Lakini Saveta hakuwepo."

"Hakuwepo," alisema Tudose.

Alipanda tena peke yake, akavuta kiti, akakaa ili macho yake yawe sawa na ya Horea.

"Ulipika ngano, Bwana Brândaș. Hukuichemsha vya kutosha."

Horea alivuta kofia hadi kwenye nyusi.

"Mama Veturia ananiambia baba yako alikufa kiangazi. Hakuna anayemkumbuka kwa koliva mwezi wa Desemba. Ile ilikuwa ya siku ya tisa. Ya nani?"

"Nilidhani inatosha saa moja," alisema Horea. "Yeye alikuwa akiiacha jikoni mchana kutwa. Sikuwahi kuuliza."

"Ulimvushaje kizingiti?"

"Kwa zulia. Nilishuka kwenye kiti, nikavuta. Mikono ninayo." Alifunga macho. "Kichwa kikagonga. Nilimwomba radhi."

"Alikufaje?"

"Alikuwa anavua viatu. Akasema, 'Ngoja kidogo,' akakaa. Basi. Nilimwashia mshumaa. Mtu asife bila mwanga mkononi; niliogopa nimechelewa."

"Kwa nini hukuita mtu?"

Horea alitoa karatasi ndani ya koti lake. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi imechanika kwenye mikunjo.

"Uamuzi ulifika siku mbili kabla hajafa. Wamekubali miguu haijaota. Watalipa malimbikizo yote, ya kwangu na ya mama, tangu siku cheti cha zamani kilipokwisha. Mtu wa posta ataleta Januari. Mama alilia, akasema sasa tutahamia chini, nitatoka nje mwenyewe. Halafu soma hapo mwisho."

Tudose alisoma. *Badiliko lolote katika hali ya mlengwa au mtunzaji litaripotiwa mara moja, na linaweza kusababisha mapitio mapya.*

"Mtunzaji amekufa," alisema Horea. "Hilo ni badiliko au si badiliko? Nikiripoti, jalada linarudi kwenye tume. Mwaka mwingine. Na mtu wa aina yangu bila mtunzaji wanampeleka kituo cha walemavu. Nimekiona kile kituo. Vitanda ishirini chumba kimoja, na dirisha lenye nondo. Nikasema nisubiri mtu wa posta tu. Akileta fedha, nampigia padri, nanunua jeneza, nalipa mtunzaji. Hata jeneza sikuwa na uwezo nalo, unaelewa? Kila asubuhi nilimwambia kupitia ufa wa mlango, mama, vumilia, wanakuja."

Tudose alikwenda ukumbini na simu yake. Alihamishwa kutoka ofisi hadi ofisi, akarudia swali lilelile kwa sauti ileile, hadi akampata mtu aliyejua jibu. Aliuliza mara mbili ili asikosee.

Aliporudi, Mama Veturia alikuwa amesimama mlangoni na shali kichwani.

"Badiliko linahesabiwa kuanzia siku linapotokea, kwenda mbele," alisema Tudose. "Haligusi ya nyuma. Malimbikizo yako ni yako tangu uamuzi ulipotolewa. Mshahara wa mama yako, hadi siku aliyokufa, unamwendea mrithi wake. Mrithi ni wewe. Ilihitajika hati ya kifo tu."

Horea aligeuza uso kuelekea roshani.

"Kwa hiyo nilimweka kwenye baridi bure."

Tudose alitamani kuwe na neno jingine. "Bure," alisema.

Kisha, kwa kuwa ilikuwa kazi yake, akaongeza: "Kuficha maiti ni kosa. Jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka. Nitaandika nilichokiona. Na kesho ustawi wa jamii watakuja. Wakikuta jina la mtunzaji, wataliandikisha. Wasipolikuta..."

"Nani azipande ngazi hizi kila siku?" alisema Horea.

Mama Veturia alifuta macho kwa ncha ya shali. "Mimi nimezipanda sasa hivi, nilikuwa napaa? Andika: Veturia Ciobotea. Mwaka kesho wataniita na mimi nikaape kwamba miguu haijaota." Akamgeukia Horea. "Na ngano ya siku arobaini napika mimi, umenisikia? Wewe usiguse hata sufuria."

Horea alitikisa kichwa kukubali.

Polisi walipokwisha kumteremsha mama yake, wakilisimamisha jeneza lao la bati wima kila kona ya ngazi, Horea alibaki akitazama roshani iliyo tupu.

"Bwana Inspekta. Dirisha. Mimi silifikii bila kushuka."

Tudose alivuka kizingiti, akalifunga dirisha, kisha akaufunga mlango. Joto likaanza kupanda chumbani. Horea alivua kofia, kisha koti. Vioo vikashika ukungu polepole, kuanzia chini, hadi barabara ikapotea yote.