Meno Kumi na Matatu

Meno ya kufungia bomba hayaongezeki. Modest, fundi wa hospitali ya Bashay, alilijua hilo kwa miaka ishirini, ndiyo maana alipohesabu kumi na manne kwa inchi, akarudia akapata kumi na moja, aliyacheka macho yake. Mara ya tatu yakawa kumi na matatu. Kiungo cha meno hayo hakiuzwi Mbulu wala Katesh.

Boila kuukuu ya hospitali ilikuwa ikimwaga mvuke pale bomba lilipokatika. Bila mvuke vifaa vya upasuaji havichemshwi, na aliyekuwa akisubiri kupasuliwa asubuhi ile ni Oliva, mke wake, mtoto amekaa vibaya tumboni.

"Fundi, fanya haraka," nesi Kornelia alinong'ona mlangoni. "Mapigo ya mtoto yanashuka." Akarudi mbio wodini.

Nyuma ya boila mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha kizee. Aliyelelewa vizuri haulizi kwanza ni nani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilitoka ndani ya bomba. Modest akachungulia nyuma; hapakuwa na mtu. Ikazuka harufu ya kutu mbichi na nywele zilizoungua, akaogopa, akaogopa hasa, akataka kukimbia lakini angemwacha Oliva kwa nani, na sauti ile ikaendelea kumsemesha taratibu, kwa haki yote ya mkubwa aliyekwisha kuamkiwa.

"Kiungo unacho mfukoni. Utanipa nini?"

"Chochote, baba."

Majuto ni mjukuu, na saa hiyo hayakuwa yamezaliwa. Akatia mkono mfukoni, akatoa kiungo cha moto ambacho hakukinunua. Kikaingia kwa vidole tu, bila spana. Mvuke ukatulia.

Saa saba mchana Kornelia akatoka na kifurushi cha kitenge, anacheka.

"Dume! Na mama mzima. Oliva kampa jina la marehemu baba yako, kwa hiyo mwamkie mzee."

Modest alifurahi hadi machozi, mpaka alipoinama. Kitoto kilinuka kutu mbichi. Hakikulia. Kilikohoa mara mbili, kikavu, kisha kikamkazia macho bila kupepesa, kama mkubwa anavyomtazama mtoto aliyesahau adabu.

"Mbona humwamkii?" Kornelia akauliza.

Modest akarudi nyuma hatua moja. Kule chini boila ikaanza kupiga mluzi, na wodini Oliva akapiga kelele kwamba anaungua.

Modest akapiga goti.

"Shikamoo, baba."