Nati za Joho la Malkia

"Mzigo unatoka leo saa nne. Umefichwa kwenye kazi ya mwanafunzi wa maleba, mavazi ya maigizo. Uzuie."

Sauti ya Mkuu ikakatika sikioni. Kipanga, kachero wa usalama, akatupa jicho kwenye saa yake ya Casio. Saa tatu na dakika arobaini.

Mzigo wenyewe ulikuwa michoro ya rada ya jeshi, iliyoibwa juzi. Ikivuka mpaka, anga la nchi litabaki kama nyumba isiyo na mlango.

Akapanda ngazi za chuo cha sanaa tatu tatu, bastola ya Glock ikimgonga ubavuni. Ukumbini, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walisimama kando ya meza za kazi zao: michoro, vitambaa, kompyuta zenye picha za viatu na mataji zinazozunguka. Jaji mgeni, aliyeletwa kutoka nje ya nchi kuungana na majaji wa chuo, alipita meza kwa meza na mkoba wake, akitabasamu.

Vazi la jukwaani lilikuwa moja tu. Joho jekundu la malkia.

Kipanga akalisogelea na kifaa cha kunusa chuma, kimefichwa kwenye kiganja.

Kikalia.

"Sogea, binti."

"Nisogee niende wapi, mjomba? Jaji kabakiza meza mbili anifikie."

"Kwenye pindo kuna nini?"

"Nati."

"Nati za nini?"

"Za baiskeli! Joho lisipo..."

Hakumngoja. Wembe ukapita kwenye pindo, krrr, mwanzo hadi mwisho.

Nati kumi na mbili zikamwagika, zikabingirika chini ya meza.

Mtu mmoja ukumbini akacheka.

"Lisipokuwa na uzito halitulii," binti akamalizia. "Miezi mitano nimelishona kwa mkono. Kwani wewe hujawahi kumwona fundi?"

Alikuwa amemwona. Mama yake alitia nati kwenye mapindo ya mapazia ya watu, naye, mtoto, akimchagulia zinazolingana, amekaa chini ya cherehani. Halafu akaenda shule ya bweni, akawaambia wenzake mama ni mwalimu. Kwenye fomu ya kazi akaandika hivyo hivyo. Mama kazikwa mwaka jana, na fomu iko vile vile.

Akaurudisha wembe mfukoni.

"Kazi yako nyingine iko wapi?" akauliza, safari hii taratibu.

"Kwenye flashi. Ni taji la joho hili, nimelichora kwa kompyuta. Jaji aliichukua jana. Leo nikaiomba nirekebishe rangi, nakuta faili la taji langu limevimba mpaka limejaza flashi nzima! Nilipomuuliza akaninyang'anya. Kasema nikipiga kelele ananifelisha."

Kipanga akageuka.

Jaji hakuwa akitabasamu tena. Alikuwa akikimbilia mlango wa nyuma, mkoba kifuani.

Nati hakuziona.

Mguu ukateleza, akaanguka chali. Kabla hajavuta pumzi, goti la Kipanga lilikuwa kifuani pake na pingu zimemfunga mikono.

"Kipanga, taarifa," Mkuu akasema sikioni.

"Mzigo ninao. Michoro ilifichwa ndani ya faili la taji la kompyuta, kwenye flashi iliyo mkobani mwake. Mgeni ana pingu."

"Safi. Vijana wanapanda kumchukua. Wewe gari liko chini."

"Bado, Mkuu."

"Bado nini?"

"Kuna pindo la kushona."

"Rudia?"

"Pindo. Nimelikata mimi."

Majaji waliobaki walimpa binti nusu saa ya kulirekebisha joho. Kipanga akapiga magoti mbele ya ukumbi mzima, akaziokota nati moja moja, akaomba sindano. Mkono ulikumbuka. Ulirudi nyuma nusu hatua kila mshono, uzi ukizama ndani ya kitambaa.

Binti akainama kutazama. "Nani kakufundisha kuficha uzi hivyo?"

Akavuta uzi.

"Mama yangu. Alikuwa fundi cherehani."

"Angeona ulivyolichana joho langu, angekuchapa."

"Angenichapa sana."

Akakata uzi kwa meno. Joho likashuka, likatulia. Binti hakumshukuru, naye hakungoja kushukuriwa. Akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi polepole.

"Mkuu."

"Sema."

"Kwenye faili langu kuna uongo."

"Uongo gani?"

"Kazi ya mama. Nakuja kuusahihisha kwa mkono wangu."

Akazima redio, akatoka nje kwenye jua.