Gazeti Chini ya Kichwa cha Clifford

Clifford Entwistle alikutwa amelala chali ndani ya tramu namba 17, gari la abiria la zamani lililopita kwenye reli za mjini, karibu na mlango wa nyuma, kichwa chake kikiwa juu ya gazeti lililokunjwa mara nne.

Ilikuwa Jumamosi, Machi 1994, saa sita na dakika tano mchana. Aliyemkuta ni Doreen Grimshaw, mpika chai wa Chama cha Tramu na Mabasi ya Zamani ya Clegworth. Alikuwa anampelekea kikombe chake, kwa sababu Clifford hakutokea kwenye chai ya saa nne na nusu, na Clifford kukosa chai si jambo la kawaida.

Inspekta Gwen Halliwell alipoingia kwenye karakana, daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando ya maiti.

"Amepigwa na kitu kizito, mara moja, nyuma ya sikio," daktari alisema. "Lakini hakufa palepale."

"Alichukua muda gani?"

"Dakika arobaini. Pengine zaidi. Angeitiwa gari la wagonjwa, leo ungekuwa unamhoji hospitalini."

Halliwell alilitazama gazeti. Lilikuwa limewekwa kwa uangalifu, kingo zake zimepinduliwa juu kama sinia.

"Kuna mtu alimwonea huruma," alisema Sajini Iqbal Mirza.

"Akamwonea huruma, halafu akaenda zake?"

Mirza alifungua daftari lake.

Nje ya utepe wa polisi walisimama wanachama wanane, wote wazee wenye makoti ya bluu yaliyochafuka grisi. Nyuma yao mabasi ya ghorofa ya manispaa yaling'aa, mekundu kwa krimu, safi kuliko hospitali nyingi alizowahi kulazwa mama yake Halliwell. Mwenyekiti, Royston Pilling, alisogea mbele. Inspekta alidhani anakuja kuuliza juu ya Clifford.

"Samahani, Inspekta. Huu utepe utatolewa lini? Kesho tuna siku ya wageni."

"Kuna maiti humo ndani, Bwana Pilling."

"Naelewa, naelewa. Ila matangazo tumeshabandika."

Halliwell alimpa kisogo.

Ukutani kulikuwa na ubao wa vifaa. Kila kifaa kilikuwa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili kila mtu ajue pa kukirudisha. Hakuna hata kimoja kilichokosekana. Vyote vilikuwa na vumbi, isipokuwa viwili: msumeno, na chuma kirefu ambacho madereva wa zamani walikitumia kuihamishia tramu kwenye reli nyingine. Kile chuma kilikuwa kimepakwa mafuta, tena mabichi.

"Kipeleke maabara," Halliwell alisema.

"Muuaji msafi," Mirza alinong'ona. "Ameua, ameosha, amerudisha mahali pake."

Kwenye nguzo ya mlango wa tramu kulikuwa na mkato mpya wa msumeno, kina cha kidole. Wanachama wanane walihojiwa mmoja mmoja juu ya mkato ule, na wote wanane wakasema hawajui. Ndipo Halliwell akamfuata Doreen jikoni, maana alijua anayemimina chai husikia yote.

"Kaa, mpenzi wangu," Doreen alisema. "Hao wanaume hawatakwambia kitu. Wewe unamjua Enid, mke wa Clifford?"

"Bado."

"Alikuwa kondakta wa hiyo hiyo 17, msichana wa miaka ishirini, mrembo balaa! Clifford alikuwa anapanda mpaka mwisho wa njia na kurudi, hana safari, anamtazama tu. Sasa Enid yuko kwenye kiti cha magurudumu, mwaka wa tatu. Tramu inatengenezwa miaka ishirini na miwili, imekaribia kutembea, na mlango hautoshi kiti. Clifford akaomba wapanue kidogo. Kiasi hiki tu." Alionyesha upana wa kiganja. "Wakapiga kura."

"Na?"

"Nane kwa moja. Eti ile nguzo ni ya mwaka 1926. Mimi sina kura, ninapika chai tu. Ningekuwa nayo ningewapigia kwa sufuria."

"Leo wakati wa chai, nani alichelewa?"

"Mpenzi, wale huingia na kutoka kama kuku. Mmoja chooni, mwingine anafuata miwani. Siwezi kumwapia mtu."

*

Jumapili asubuhi Halliwell na Mirza walikwenda kwa Enid Entwistle. Walimkuta na mgeni. Alikuwa Alban Fazackerley, fundi mkuu wa mbao wa chama, mwanaume mwembamba mwenye kucha zilizokatwa vizuri. Sahani ya keki ya tangawizi ilikuwa magotini pake.

"Alban ndiye aliyeikuta 17," Enid alieleza. "Ilikuwa banda la kuku kwenye shamba moja huko mlimani. Alikwangua kinyesi cha kuku miezi sita."

"Minane," Alban alisahihisha.

Enid aligeuza kiti chake kumwelekea Inspekta. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imara.

"Nina swali moja tu, mwanangu. Wameniambia kulikuwa na gazeti chini ya kichwa chake. Aliyeliweka ni nani?"

"Bado tunachunguza, mama."

"Usiku kucha nimewaza hilo tu. Kwamba hakufa kama mbwa. Kwamba kuna mkono uliomwinua kichwa. Ukimpata mtu huyo, niletee. Hata kama alikimbia kwa woga, nitamsamehe. Nataka kumshukuru."

Alban alishusha macho kwenye sahani.

"Yeyote kati yetu angefanya hivyo, Enid," alisema taratibu.

Enid akamkatia kipande kingine. Akala.

Walipotoka, Alban aliwafuata hadi kwenye gari.

"Inspekta, naomba kitu kidogo. Niingie kwenye 17, dakika moja tu. Nataka kadi."

"Kadi gani?"

"Kadi ya kazi. Inaning'inia chumba cha dereva. Ni utaratibu wetu tu, si muhimu kwenu."

"Kama si muhimu, itasubiri."

Alban aligeuka, akaondoka. Halliwell alimtazama hadi alipokata kona.

"Sajini, washa gari."

Kadi ilikuwa palepale, kwenye msumari, juu ya mpini wa breki. Watu wa alama za vidole walikuwa wameipaka unga wao bila kuisoma. Ilikuwa ya ishirini na tatu katika rundo la kadi. Kila kazi iliyowahi kufanywa kwenye tramu iliandikwa humo: tarehe, saa, sehemu, kilichofanyika, herufi za kwanza za majina ya aliyefanya. Skrubu moja kubadilishwa, imeandikwa.

Halliwell alisoma mstari wa mwisho. Akausoma tena. Kisha akampa Mirza.

"Hapana," Mirza alisema. "Haiwezekani. Mtu hawezi kuwa..."

"Mlete."

*

Chumba cha mahojiano kilinuka sigara za wengine. Alban Fazackerley alikataa wakili. Alielezwa haki yake ya kukaa kimya, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Halliwell alisukuma kadi mezani.

"Mwandiko wa nani huu?"

Alban aliinyoosha kona ya kadi kwa kidole.

"Bwana Fazackerley."

"Wangu."

"Soma."

Alban alivaa miwani.

"Jumamosi, saa nne na dakika hamsini. Sakafu ya nyuma, upande wa kushoto. Imefutwa kwa spiriti, ikapakwa nta mara moja. A.F."

"Saa nne na dakika hamsini Clifford alikuwa wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi?"

"Sakafuni."

"Uliandika kwa nini?"

Alban alimtazama kama mwalimu anayeulizwa swali la kitoto.

"Kazi ikifanyika inaandikwa. Miaka ishirini na miwili sijaacha mstari. Nilikuja kushtuka kwamba nimejiandika mwenyewe utepe wenu ukiwa umeshafungwa."

"Tuanze mwanzo. Ilikuwaje?"

"Nilisikia msumeno. Ninaujua mlio wa mbao ya msaji ikikatwa. Nikakimbia. Nikamkuta anakata nguzo. Tulishapiga kura, Inspekta! Nikamwambia aache. Akasema, 'Alban, ni mlango tu.' Mlango tu!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Tramu nyingine zote za Clegworth zilichomwa moto. Ile nguzo ni ya mwisho duniani. Akageuka, akaendelea kukata."

"Ukampiga."

"Chuma kilikuwa karibu."

"Akaanguka. Alikuwa anapumua?"

"Anakoroma."

"Simu iko wapi?"

"Jikoni. Hatua thelathini hivi."

"Hukupiga."

"Nilikuwa na kazi. Damu ilikuwa inatiririka. Damu ikiingia kwenye msaji haitoki, labda uukwangue, na ukikwangua unapoteza uso wa awali. Nikakunja gazeti nikamwekea, nikapindua kingo ili isimwagike."

Mirza aliweka kalamu chini.

"Gazeti lilikuwa la sakafu?" aliuliza.

"La nini tena?"

Kanda ya kurekodia ilizunguka.

"Halafu?" Halliwell alisema.

"Nikafuta iliyokwisha kumwagika. Nikapaka nta. Nikasafisha chuma, nikarudisha na msumeno. Nikaenda kunywa chai."

"Ukanywa chai, na yeye anakoroma."

"Kutoka jikoni husikii."

Halliwell alizima kanda. Alisimama, kwa sababu hakutaka tena kupumua hewa moja na mtu yule. Alikuwa amefika mlangoni Alban alipomwita.

"Inspekta. Watu wako wa maabara hawajamwaga maji pale, sivyo? Maji yanavimbisha mbao."

Mirza aliitoa kadi mezani, akaitia kwenye bahasha ya ushahidi.

*

Jioni ilikuwa haijaingia Halliwell alipogonga tena kwa Enid. Njiani alitunga uongo wa namna tatu, mzuri wote. Enid alifungua, akamtazama usoni, na uongo wote ukamtoka.

"Umempata," Enid alisema.

"Nimempata, mama. Ni Alban. Ndiye aliyempiga."

Enid alishika magurudumu ya kiti chake.

"Na gazeti?"

"Yeye pia. Hakumwekea Clifford. Aliiwekea sakafu, isiingie damu."

Saa ya ukutani iligonga. Enid hakulia. Alitazama kiti ambacho Alban alikuwa amekikalia asubuhi.

"Alikula vipande viwili," alisema.

Aliendesha kiti hadi jikoni. Sahani ilikuwa imeshaoshwa, imesimamishwa pembeni ya sinki ikauke. Aliichukua kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya, akaitumbukiza kwenye ndoo ya taka. Kisha akafungua bomba na kuanza kunawa mikono.

Halliwell alisimama nyuma yake, akingoja zamu yake.